Maji ya Thika na utoto wa Bi Elspeth Huxley

Anayepanda basi Garissa kwenda Nairobi hukata nyika ya Mwingi, akapita Matuu, na mwisho hujikuta Thika. Wengi wetu Thika tunaijua kwa mananasi, viwanda na msongamano wa magari. Wasomaji wa Kiingereza walio mbali wanaijua kwa jambo moja tu: kitabu kiitwacho The Flame Trees of Thika, kilichotoka mwaka 1959. Aliyekiandika ni Bi Elspeth Huxley, mwanamke wa Kiingereza aliyelelewa Kenya. Leo nataka kusimulia maisha yake.

Msomaji wa Lamu au Mombasa ana haki ya kuuliza yanamhusu nini maisha ya mtoto wa mlowezi. Yanamhusu kwa sababu sisi watu wa Pwani tumo ndani ya kitabu kile, na jirani zetu wa Kaskazini Mashariki wamo pia. Isitoshe, nilifundisha Garissa miaka kadhaa, na nakala moja kuukuu ya kitabu hicho, isiyo na jalada, ilizunguka madarasani kwangu mpaka kurasa zikaanza kuchomoka. Vijana wa Kisomali, ambao nusu yao hawakuwahi kuiona Thika ila kupitia dirisha la basi, walikigombania kuliko vitabu vya mtihani. Nilitaka kujua kinawavuta nini.

Elspeth Grant alizaliwa London mwezi Julai 1907. Baba yake, Josceline Grant, alikuwa mwanajeshi mwenye bahati mbaya ya fedha. Kila alichokitia mkono kilienda mrama. Mama yake, Nellie, alitoka ukoo wa mabwana wakubwa wa Uingereza lakini alikuwa mwanamke wa kuchapa kazi, na nadhani ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba ile. Mwaka 1912 wawili hao walikuja Afrika Mashariki kutafuta maisha, wakapata shamba Thika, wakapanda kahawa. Mtoto aliachwa Uingereza kwanza, akafuata mwaka 1913, akiwa na miaka sita.

Hapa pana jambo la kuangalia. Kitabuni, mtoto yupo tangu siku ile ya kwanza ya mkokoteni wa ng'ombe, vumbi na masanduku. Kwa kweli hakuwepo. Alichukua kumbukumbu za mama yake akazifuma na zake, na wazazi wake akawapa majina mengine, Robin na Tilly. Ndiyo maana watu hubishana kama ni kumbukumbu au ni riwaya. Mimi nakiita riwaya, tena simlaumu. Mtu wa miaka hamsini na ushee akiketi kuandika mambo ya miaka sita hana budi kuziba mapengo, na bibi zetu wakisimulia utoto wao hufanya hivyo hivyo bila kuulizwa.

Kitabu chenyewe kina nini? Kina mtoto asiyekuwa na mtoto mwenzake wa kucheza naye, aliyeachwa azurure. Analea paa mdogo ndani ya nyumba mpaka paa anakua na kuifuata nyika. Anaona uchawi na laana zikimdhoofisha mtu mzima mwenye afya yake, wazazi wake wasijue la kufanya. Kuna bibi mmoja jirani ambaye moyo wake uko kwa mwanamume asiye mumewe. Mtoto huyaona hayo yote, ila hajui anachokiona. Sisi wasomaji tunajua, yeye hajui, na utamu wote wa kitabu umekaa katika nafasi hiyo. Mama anapanda miti kando ya njia ya kuingilia nyumbani, miti ya maua mekundu kama moto. Si ile yetu inayochanua Pwani karibu na Krismasi, ni mti mwingine wenye asili ya Afrika.

Vijana wangu wa Garissa walipenda hayo. Mmoja alivutiwa na paa, kwa kuwa alilea mbuzi yatima nyumbani kwao. Mwingine alipenda laana, akasema kwao kuna mambo kama yale. Utoto wa nyika ni utoto wa nyika, uwe wa mtoto wa mlowezi au wa mfugaji: mtoto huamka kabla ya jua, nyayo za wanyama ziko mchangani, na wakubwa wana mambo yao wasiyoyaeleza. Kila mtu aliyeishi utoto huo anaukumbuka kama mahali alipofukuzwa. Kwa hiyo vitabu vya namna hii huuza kila mahali. Camara Laye wa Guinea, Mwislamu na mtoto wa mhunzi, aliandika chake mwaka 1953 akiwa Ufaransa, peke yake na baridi, na Afrika nzima ikakisoma mashuleni. Wako waliomlaumu kwamba ameandika habari tamu wakati mkoloni bado anatawala. Lawama hiyo nitairudia, maana ndiyo inayomkuta Bi Elspeth kwa nguvu zaidi.

Sasa tujitafute sisi. Mpishi wa nyumba ile ya Thika kitabuni anaitwa Juma. Ni Mswahili, na anajiona bora kuliko watu wa bara waliomzunguka. Kila ninapofika kwenye kurasa zake nacheka, halafu nasita. Nacheka kwa sababu kiburi kile nakijua, nimekiona kwa wazee wa mtaani kwetu waliowahi kupikia Wazungu Nairobi na Nakuru, wakarudi na kanzu nzuri na hadithi ndefu. Nasita kwa sababu Juma hana kwao. Hatuambiwi alitoka mji gani, ana mama au hana, na yeye alipokuwa na miaka sita alicheza na nini. Yupo jikoni ili utoto wa mwingine uende sawa.

Kisha yuko Ahmed, Msomali anayefuatana na Ian Crawfurd, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akileta farasi kutoka upande wa Abisinia. Mtoto anamwona Ahmed kama mtu wa fahari, mwembamba, asiyeinamisha kichwa. Sifa hizo ni nzuri, na Wasomali wengi waliokisoma kitabu hawakuzikataa. Farasi mdogo anayepewa mtoto kutoka huko kaskazini anaitwa Moyale. Nakumbuka siku darasa lilipofika hapo. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye jamaa zake walikuwa Moyale, akashangaa kwamba mji wao, wenye watu na misikiti na soko, umeingia katika kitabu mashuhuri kwa njia ya farasi. Darasa zima lilimcheka, naye akacheka pia. Lakini hakulisahau, alilirudia muhula mzima.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 baba alikwenda jeshini, na mwaka uliofuata mama na mtoto wakarudi Uingereza. Kitabu kinaishia hapo, kwenye kuaga. Katika vita hivyo maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Majina ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam yametokana na jeshi hilo la wapagazi. Mwaka 1915, mwaka ule ule wa kuaga, sheria mpya ya ardhi iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999, na ikapitishwa ile ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, ambayo baada ya vita ilileta kipande cha kuvaliwa shingoni. Mtoto wa miaka minane hawezi kujua sheria. Hilo ndilo linaloufanya mtazamo wa mtoto uwe mtamu kwa mwandishi mtu mzima: hapana anayeweza kumdai hesabu.

Wazazi walirudi Kenya baada ya vita, naye pia, na baadaye familia ikahamia Njoro. Alisoma Nairobi, akaanza mapema kuandikia magazeti, kisha mwaka 1925 akaenda Uingereza kusomea kilimo, na kutoka huko Marekani. Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa yule mwandishi Aldous Huxley. Gervas aliifanyia kazi biashara ya chai duniani, na mkewe akasafiri naye sana. Hakurudi tena kuishi Kenya. Alikuja na kuondoka, akiandika.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza, mwaka 1935, kilikuwa maisha ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, juzuu mbili zenye jina linalodai kwamba Kenya ni nchi ya Mzungu. Mwislamu wa Pwani au Msomali wa Garissa akikisoma leo atakunja uso tangu jaladani. Delamere mwenyewe aliingia nchini mwaka 1897 kwa kushukia upande wa Berbera na kupita kaskazini, akiwa na Wasomali katika msafara wake. Yaani mlango wa walowezi wa nyanda za juu, kwa sehemu yake, ulipitia nyika ya kaskazini. Kisha nyika hiyo ikafungwa. Mwaka 1926 wilaya za mpaka wa kaskazini zilitangazwa eneo lililofungwa, mtu haingii wala hatoki bila ruhusa. Mwaka 1934 sheria nyingine ikawapa maofisa madaraka makubwa zaidi juu ya watu wake, hata ya kuiadhibu jamii nzima kwa kosa la mmoja wao.

Lakini Bi Elspeth si mtu wa kumfungia katika neno moja. Mwaka 1939 alitoa riwaya iitwayo Red Strangers, inayosimulia familia ya Kikuyu kwa vizazi vinne, tangu kabla ya Wazungu kuja. Alikaa na Wakikuyu, akawasikiliza, akaandika kwa macho yao kadiri alivyoweza, na hao wageni wekundu wa jina la kitabu ni Wazungu wenyewe. Mchapishaji wake alimtaka apunguze habari za tohara ya wasichana, akakataa, akahamia kwa mchapishaji mwingine. Mimi naona hicho ndicho kitabu chake bora, na naona ajabu kuwa kinajulikana kidogo kuliko kile cha miti. Labda ni kwa kuwa hakimwachi msomaji apumzike.

Katika miaka ya 1940 aliandikiana barua na Margery Perham, msomi wa Oxford aliyewatetea Waafrika, na mwaka 1944 barua hizo zikawa kitabu. Bi Elspeth alisimama upande wa walowezi. Ikaja Mau Mau, hali ya hatari kuanzia 1952, naye akaandika riwaya juu yake mwaka 1954. Kadiri miaka ilivyokwenda alilainika, akakubali kwamba utawala wa Waafrika unakuja na lazima uje. Sitaki kumfanya mtakatifu wala shetani. Alikuwa na macho makali, na moyo uliojua kwao ni wapi na kwao si wapi, wala havikukubaliana.

Nakuja sasa kwenye mwaka 1959, maana hapo ndipo kitabu kilipotoka na hapo ndipo ninapokwama mimi.

Pale Thika, Mto Chania na Mto Thika hukutana karibu na hoteli ya Blue Posts, ambayo imo katika kitabu na ipo mpaka leo. Maji hayo huteremka yakaingia Mto Tana. Tana hupita Garissa, chini ya lile daraja tunalolijua sote, ikashuka Hola na Garsen, na kumwaga maji baharini karibu na Kipini. Mvua iliyonyesha juu ya kahawa ya akina Grant ilifika kwetu Pwani, kwa hisani ya watu wa Garissa na Wapokomo, kabla haijagusa chumvi.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, kwenye kingo za mto huo huo, wafungwa wa Mau Mau waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa mpaka kumi na mmoja wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uongo huo haukudumu, bunge la Uingereza likawaka moto, na wengi huhesabu kuwa Hola ndiyo iliyoharakisha mwisho wa ukoloni Kenya. Ni katika mwaka huo Waingereza walipopewa kitabu cha mtoto, paa na miti ya maua mekundu. Wakakipokea kwa mikono miwili.

Sisemi kwamba Bi Elspeth alikiandika ili kuificha Hola. Kitabu huchukua muda kuandikwa, naye hakujua yatakayotokea. Ninachosema ni kwamba hamu ya kusoma kitabu kama kile haikutoka mbinguni. Watu waliokuwa wakipoteza nchi, na waliokuwa wakisikia kila siku habari za aibu kutoka huko, walitaka kuambiwa kwamba mwanzoni mambo yalikuwa safi. Mtoto wa miaka sita ndiye shahidi bora wa kuleta habari hiyo. Mwaka 1962 alitoa kitabu cha kufuatia, na mwaka 1981 hadithi ile ikawa mchezo wa televisheni wa sehemu saba, uliopigwa hapa Kenya, Hayley Mills akiigiza mama. Watalii wakaanza kuitafuta Thika ile, ambayo tayari ilikuwa ya viwanda.

Mama yake Nellie alibaki Njoro hata baada ya uhuru, akaondoka mwaka 1965 kwenda Ureno, akafariki mwaka 1977. Binti akazikusanya barua za mama na kuzichapa mwaka 1980. Mimi barua hizo nimezipenda kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa ndani yake hakuna mtoto wa kufichia mambo. Kuna mwanamke anayelia na bei ya mahindi, magonjwa ya mifugo na deni la benki. Bi Elspeth mwenyewe alifariki Januari 1997 huko Tetbury, Uingereza, akiwa na miaka 89.

Mwaka aliouandika Bi Elspeth kama mwisho wa utoto wake, Abdulrazak Gurnah aliurudia kwa upande wa pili. Riwaya yake ya Paradise, ya mwaka 1994, inamfuata Yusuf, mtoto wa Pwani aliyewekwa rehani kwa tajiri ili kulipa deni la baba yake, katika miaka ile ile ya kuelekea vita vya 1914. Kuna bustani nzuri, kuna safari, kuna maajabu ya kila namna. Lakini Yusuf hana ruhusa ya kutojua. Nilipowapa vijana wangu sura chache, waliniambia kwamba ni kizuri lakini kinaumiza, wakataka Thika yao irudishwe. Sikuwalaumu.

Maana utoto wa wazazi wao ulikuwa nini? Hali ya hatari Kaskazini Mashariki ilitangazwa Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, na sheria zake zilikaa mpaka miaka ya tisini mwanzoni. Kuanzia 1966 watu walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, wakatenganishwa na malisho, na mifugo ikafa. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi wa Garissa ulichomwa moto na wakazi wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule. Februari 1984 ilikuwa Wagalla, karibu na Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013, kwa lugha ya tume. Anayetaka kujua watoto wa siku hizo walicheza mchezo gani, walimcheka nani, walikula nini siku ya Idi, hatapata humo. Na madukani, mimi sijakutana na riwaya ya Kiswahili inayomweleza.

Si kwamba maajabu hayakuwepo. Bibi wa Kisomali akianza usiku hadithi ya Dhegdheer, lile jike la mlawatu lenye sikio refu, watoto hawatoki nje hata kwa haja. Paa wapo, swala twiga wapo, na katika nyika ya Ijara kuna hirola, mnyama ambaye ni vigumu kumpata kwingine duniani. Mtoto wa huko hana upungufu wa vitu vya kushangaa.

Muhula mmoja niliwapa kazi ya kuandika utoto wa mzee yeyote nyumbani kwao, kwa Kiswahili. Wengi waliniletea ukurasa mmoja wa habari za ukame. Kijana mmoja, mkimya, mwenye mwandiko mbaya sana, aliniletea kurasa tisa za nyanya yake katika kijiji cha ulinzi: mwanambuzi aliyefichwa chini ya ngozi asihesabiwe, watoto waliojifunza kutambua askari kwa mlio wa viatu, na mchezo waliouvumbua wa kurusha kokoto juu ya ua wa miiba kuona nani atafikisha mbali. Alimalizia katikati ya sentensi. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba nyanya alifika hapo akanyamaza, akaagiza chai, na tangu siku ile hajakubali kuendelea. Nilimpa alama zote nilizoruhusiwa kutoa. Siku hizi ni dereva wa lori la maji, Garissa kwenda Dadaab. Bado namuuliza kwa simu kama nyanya ameendelea.